Sura ya Tano: Samaki na Mboga Penye Baridi

Mtu wa Kisumu au Morogoro akiambiwa kwamba anaweza kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, nyuma ya nyumba yake, huuliza gharama. Mtu wa Limuru, Njombe au Kinangop huuliza jambo jingine kwanza: na baridi hii, samaki atakua kweli?

Ana haki ya kuuliza. Usiku wa Julai huko juu hewa hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kwenye uwanda wa Kitulo umande huganda juu ya majani ukawa barafu. Sato, samaki ambaye karibu kila mwongozo wa ufugaji huanza naye, hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30.

Jibu ni kwamba samaki atakua, ila taratibu, na mboga zitamtangulia kwa mbali. Sharti lake ni moja: usiendeshe mtambo wako kwa vipimo vya nchi ya joto. Kiasi cha chakula, idadi ya samaki, ukubwa wa kitanda cha mboga, vyote hivi watu huvinakili kutoka kwa kazi zilizofanyika mahali pasipo na baridi. Kazi iliyoigwa kuliko nyingi ni ya James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, katika kisiwa cha St. Croix huko Karibi. Pale maji hupata joto la kutosha bila kupashwa. Ukizihamishia hesabu hizo kwenye mwinuko wa mita 2,200 bila kuzipunguza, utamwaga chakula mbele ya samaki wasiokula, na chakula kinachooza ndicho kitakachowaua.

Sura hii inaeleza jinsi ya kuanza na tanki moja la lita 1,000 mahali pa baridi. Ukikumbuka neno moja tu, kumbuka hili: chombo cha kwanza kununua ni kipimajoto, na ndicho kitakachoamua samaki gani, chakula kiasi gani na mboga zipi.

## Mzunguko wenyewe

Akuaponiki ni kufuga samaki na kuotesha mimea pasipo udongo, katika maji yanayozunguka kati ya tanki na kitanda cha mboga. Samaki akila hutoa amonia, uchafu wenye sumu unaotoka hasa kwenye mashavu yake. Pampu huyapeleka maji hayo kwenye kitanda cha kokoto. Juu ya kokoto huishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia kama mbolea. Mboga zikishafyonza nitrati, maji hurudi kwa samaki yakiwa safi.

Basi mfugaji ana mifugo ya aina tatu: samaki, mimea na bakteria. Wanaoanza huwatazama wawili wa kwanza kwa kuwa wanaonekana. Mitambo mingi hufa kwa sababu ya wa tatu.

## Baridi hufanya nini hasa

Kwa samaki. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula hupungua kasi, hamu ya kula hushuka na ukuaji husinzia. Sato akiwa chini ya nyuzi 20 hukua kidogo sana; karibu na 16 huacha kula; maji yakifika 12 na kushuka zaidi, uhai wenyewe huwa hatarini. Kabla ya kufika huko, baridi hudhoofisha kinga yake, na ukungu mweupe unaofanana na pamba huota kwenye ngozi iliyochubuka.

Kwa bakteria. Hawa hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 25 na 30. Kwenye nyuzi 18 kasi yao huwa karibu nusu, na kwenye 10 hubaki robo hivi. Hawafi, ila foleni ya amonia inayosubiri kugeuzwa huwa ndefu.

Kwa hewa iliyo ndani ya maji. Hapa baridi inatusaidia. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji ya baridi hubeba nyingi zaidi. Lakini mwinuko hupunguza: kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Ufukweni, maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Limuru, maji ya nyuzi 25 yangeshika takriban 6.4 tu, ila yakiwa na nyuzi 16 hushika kama 7.6. Baridi inarudisha sehemu ya kile ambacho mlima umekichukua.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Si amonia yote iliyo sumu kali. Sehemu yenye sumu huongezeka joto likipanda na pH ikipanda. (pH ni kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni maji machachu, juu yake ni maji yenye magadi.) Kwenye pH 8 na nyuzi 25, sehemu 5 hivi kati ya 100 za amonia ni sumu kali. Kwenye pH 7 na nyuzi 15, haifiki hata nusu ya sehemu moja. Mfugaji wa baridi akiilinda pH yake, anapewa muda wa kurekebisha kosa ambao mwenzake wa pwani hana.

Kwa ufupi:

- Samaki hula kidogo na hukua polepole.
- Bakteria husafisha polepole.
- Oksijeni hutosha, mradi pampu ya hewa haizimwi.
- Amonia huwa na makali madogo, mradi pH iko karibu na 7.

## Baridi yetu ni ya usiku

Miongozo ya akuaponiki ya nchi za baridi huandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambako majira ya baridi hudumu miezi na maji ya nje huganda. Nyanda zetu za juu zina tabia nyingine: tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi. Hata Njombe, saa nane mchana jua huchoma mgongo. Kazi yetu ni kulishika lile joto la mchana lisitoroke kabla ya alfajiri.

Maji yenyewe ni ghala zuri la joto. Katika miaka ya 1970, watafiti wa New Alchemy Institute huko Cape Cod, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walijenga nyumba ya kuoteshea mimea waliyoiita Ark, yaani safina, wakaweka ndani yake matanki marefu ya samaki yanayopitisha mwanga. Mchana matanki yalifyonza jua. Usiku yalitoa joto na kuilinda mimea wakati nje kuna theluji. Ikiwa wao waliweza kwa theluji, sisi wa umande tuna kazi nyepesi zaidi.

Ila mahali na mahali hutofautiana. Limuru na Tigoni, miezi ya Juni hadi Agosti hujaa mawingu na manyunyu. Baridi si kali mno lakini jua la kuchota halipo. Makete na Kitulo, miezi hiyo hiyo ni ya kiangazi: mchana jua lipo, usiku mbingu ni wazi na joto lote hupaa. Wa Limuru ategemee zaidi kufunika na kukinga. Wa Makete anaweza pia kuvuna jua.

## Pima kabla ya kununua

Kabla ya kununua hata samaki mmoja, chukua pipa la lita 200, lijaze maji, liweke pale pale unapotaka kujenga. Pima joto alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki mbili, ukiandika daftarini. Ukiweza, fanya hivyo katika mwezi wa baridi zaidi, maana ndio utakaokuhukumu. Pipa dogo hupoa haraka kuliko tanki kubwa, kwa hiyo tanki lako litakuwa na hali nafuu kidogo.

Matokeo yatakuweka katika moja ya makundi matatu:

- Alfajiri nyuzi 18 na zaidi. Sato anawezekana, ukikinga tanki.
- Alfajiri kati ya 14 na 18. Sato atahitaji kitalu nyumba, yaani banda la nailoni linalopitisha mwanga. La sivyo chagua samaki mwingine.
- Alfajiri chini ya 14, na mchana maji hayazidi 18. Sahau sato. Hapa ni pa samaki wa baridi.

## Samaki wa joto ulilonalo

Sato na nduguye perege. Ni wagumu, wanapatikana, na kila mtu anajua kuwala. Penye baridi watachukua mwaka na zaidi kufika gramu 250. Anayetaka kuuza kwa haraka atakata tamaa. Anayetaka kitoweo cha nyumbani atavumilia.

Kambare. Naye hupenda joto, ila ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo umeme ukikatika usiku hafi haraka kama wenzake. Huruka nje ya tanki, na wakubwa huwala wadogo. Wafunike kwa wavu na uwatenge kwa ukubwa.

Karpi. Huyu ndiye aliyeenea sana katika Ziwa Naivasha. Huvumilia baridi kuliko sato, huendelea kula kwenye maji ya nyuzi 15, na hukua vizuri yakipita 20. Lawama yake ni miiba mingi.

Trauti. Aliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na bado anaishi katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kinajulikana kwa kuzalisha vifaranga vyake. Hupenda nyuzi 12 hadi 16. Ni samaki mtamu na mwenye bei, lakini hana msamaha: anataka oksijeni isiyopungua miligramu 6 kwa lita, chakula chenye protini zaidi ya 40 kwa 100, na maji yasiyopita nyuzi 20. Kumbuka ile hesabu ya Limuru, kwamba maji ya nyuzi 16 yakijaa hewa kabisa hufika 7.6. Nafasi iliyobaki ni finyu. Pampu ya hewa ikizimika, una dakika, si saa. Huyu ni wa mwaka wako wa pili.

Samaki wa mapambo wa rangi ya dhahabu. Kama unachotaka hasa ni mboga, hawa huishi kwa raha kwenye nyuzi 15, hula chakula cha bei nafuu na hukufundisha kazi bila hasara kubwa.

Angalia mtego mmoja. Kitalu nyumba kinachomwokoa sato humwua trauti, kwa sababu mchana wa jua maji ndani yake yanaweza kupita nyuzi 20 kwa urahisi. Chagua samaki kwanza, kisha ujenge kwa ajili yake.

Na kabla ya kununua vifaranga, mwone afisa uvuvi wa kaunti au wilaya yako. Atakuambia samaki gani anaruhusiwa eneo lenu, kama kibali kinahitajika, na wapi pa kupata vifaranga wa kuaminika. Samaki wa kufugwa asimwagwe mtoni kwa sababu yoyote.

## Vifaa na ujenzi

Mtambo wa kuanzia unahitaji vitu hivi:

- Tanki la plastiki la lita 1,000, lile lenye kizimba cha chuma. Uliza lilibeba nini kabla. Lililobeba kemikali usilitumie, hata likioshwa vipi.
- Tanki la pili la namna hiyo, likatwe katikati upate vitanda viwili, jumla mita za mraba 2.4 hivi.
- Kokoto za milimita 8 hadi 20, za kujaza kina cha sentimita 30.
- Pampu ya maji inayoweza kupandisha lita 1,000 kwa saa hadi kimo cha kitanda chako. Soma maandishi ya boksi: pampu nyingi hutaja nguvu zake zikiwa hazipandishi chochote.
- Pampu ya hewa yenye mawe mawili ya kutoa mapovu, na betri ya kuiendesha umeme ukikatika.
- Kipimajoto, na vifaa vya kupimia amonia, nitriti, nitrati na pH.

Kokoto zijaribu kwa siki. Dondoshea matone machache. Jiwe likitoa mapovu lina chokaa, na litapandisha pH usipotaka. Mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayopatikana Bonde la Ufa na kuzunguka Mlima Rungwe, ni mazuri zaidi: ni mepesi kubeba, na vitundu vyake ni makazi ya bakteria. Yaoshe mpaka maji yatoke safi.

Weka tanki juu ya ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, kwa sababu likijaa lina uzito wa tani moja. Usitie majini kitu cha shaba wala bomba la chuma lililopakwa zinki. Vyote viwili hudhuru samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaache siku mbili wazi, pampu ya hewa ikifanya kazi, kabla samaki hawajaingia.

Pampu iende dakika 15 na kupumzika dakika 45, kwa kutumia swichi ya saa. Maji yajaze kitanda hadi sentimita 5 chini ya uso wa kokoto, kisha yashuke yote. Kujaa huleta chakula kwenye mizizi; kushuka huvuta hewa ndani. Vitanda viwili vikijaa, tanki la samaki litapungua lita 200 hivi. Usishtuke, ila hakikisha mdomo wa pampu haubaki hewani.

## Joto: hifadhi, usinunue

Wengi wakisikia baridi hufikiria hita ya umeme. Tufanye hesabu. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja tu kunakula uniti 1.16 za umeme. Kutoka nyuzi 16 hadi 26 ni karibu uniti 12, na hapo ni kupandisha mara moja. Tuseme kila usiku tanki linapoteza nyuzi 4. Kuzirudisha ni uniti 4.6 kwa siku, zinazokaribia 140 kwa mwezi. Linganisha na kilo 10 za samaki utakazovua baada ya mwaka na zaidi. Hita ni ya dharura ya usiku mmoja au miwili. Isiwe mpango wako wa kila siku.

Blanketi halitengenezi joto, hulizuia tu lililopo lisitoke, na hiyo ndiyo kazi yote tunayoitaka. Anza pale joto linapotorokea:

1. Juu. Maji yakivukizwa huondoka na joto. Lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza tanki lote kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mfuniko wa mbao au wa nailoni nene, unaowekwa jioni na kuondolewa asubuhi, ndio uwekezaji wenye faida kuliko wote. Acha tundu la hewa.
2. Ubavuni. Zungushia tanki boksi la mbao, ujaze maranda makavu kwa unene wa sentimita 15. Yafunike yasilowe, kwani maranda yaliyolowa hayakingi.
3. Chini. Ardhi huvuta joto. Weka mbao na tabaka la maranda au povu gumu chini ya tanki.
4. Kitandani. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua. Kila pampu inapopandisha maji usiku, huyapitisha kwenye kokoto zilizopoa, kisha huyarudisha kwa samaki yakiwa baridi. Kuanzia jua kuzama, punguza mzunguko uwe mara moja kila saa mbili au tatu. Kokoto zitabaki na unyevu wa kuwatosha bakteria. Pampu ya hewa, hiyo isizimwe kamwe.

Penye jua la mchana, bomba jeusi lililozungushwa juu ya bati na kupitisha maji kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri huongeza joto bila hita. Ndani ya kitalu nyumba, mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi husaidia usiku usiwe mkali.

## Kuamsha bakteria

Usitie samaki siku tanki linapojaa. Bakteria hawapo bado, lazima waalikwe. Njia rahisi ni kutia chakula cha samaki kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kila siku, kioze na kutoa amonia. Ukipata konzi kadhaa za kokoto kutoka mtambo wa jirani ambaye samaki wake wana afya, ziweke kitandani. Zitakupunguzia wiki kadhaa.

Pima kila baada ya siku tatu. Utaona amonia ikipanda, kisha nitriti ikipanda huku amonia ikishuka, kisha nitrati ikitokea huku nitriti ikishuka. Amonia na nitriti zikikaa chini ya miligramu 0.5 kwa lita wiki nzima, ilhali unaendelea kutia chakula, mtambo uko tayari. Katika nchi ya joto hatua hii huchukua wiki 4 hadi 6. Penye baridi jipangie 8 hadi 10.

Ndiyo maana mwezi wa kuanza una maana kubwa. Mtu wa Limuru aanze Januari, wakati wa jua. Mtu wa Njombe aanze Oktoba. Kila mmoja atakuwa na bakteria waliokomaa kabla ya Juni kubisha hodi. Anayeanza Juni atasubiri mpaka achoke, kisha atie samaki kabla ya wakati.

Bakteria wakifanya kazi hula magadi ya maji, na pH hushuka polepole. pH ya maji ya mvua, ambayo hayana madini, hushuka haraka zaidi. Ikienda chini ya 6.5, tia kitambaani makombe au maganda ya mayai yaliyopondwa, ukitundike panapopita maji. Nia yako ni 6.8 hadi 7, na mabadiliko yawe ya siku nyingi, si ya saa moja.

## Lisha kwa kipimajoto

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: samaki wakishaingia, kulisha ni kazi ya kila siku. Ila kiasi hubadilika. Kwa sato wenye uzito wa gramu 100 na zaidi, anzia hapa:

- Nyuzi 24 na zaidi: gramu 2 za chakula kwa kila gramu 100 za uzito wa samaki kwa siku.
- Nyuzi 20 hadi 24: gramu 1.5.
- Nyuzi 18 hadi 20: gramu 0.5 hadi 1.
- Nyuzi 16 hadi 18: kidogo sana, mara moja, saa nane mchana.
- Chini ya 16: usilishe. Samaki mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila chakula.

Kinachobaki juu ya maji baada ya dakika 15 kiopoe kwa wavu.

Sasa ukubwa wa bustani. Kila gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku hulisha mita moja ya mraba ya mboga za majani. Samaki 40 wa gramu 250 ni kilo 10, nazo zinatosha kwa tanki la lita 1,000 la anayeanza. Kwenye maji ya joto wangekula gramu 150 na zaidi na kulisha mita 3. Kwenye nyuzi 19 watakula hadi gramu 100, ambazo ni mita 2. Mwanzoni, vifaranga 40 wa gramu 20 watakula gramu 16 au 20 tu, hawatoshi hata nusu mita. Kwa hiyo panda kona moja ya kitanda kwanza, upanuke kadiri samaki wanavyokua. Kitanda kilichojazwa miche siku ya kwanza hugeuka njano kwa njaa, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa.

## Mboga za nyanda za juu

Hapa baridi ni rafiki. Saladi, sukuma wiki, spinachi, chainizi, figiri, giligilani, selari, mnanaa na kitunguu jani hustawi kwenye maji ya nyuzi 15 hadi 20, na saladi haikimbilii kutoa maua kama inavyofanya penye joto. Nyanya, pilipili hoho na mrehani ziache mpaka uwe na kitalu nyumba na samaki wakubwa.

Majani machanga yakiwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma, kwa sababu chakula cha samaki kina kidogo. Nunua chuma cha mbolea ya maji kilichotengenezwa kisigande, ukitie kwa kipimo cha miligramu 2 kwa lita kila baada ya wiki tatu. Misumari yenye kutu haisaidii.

Vidukari wakija, waoshe kwa maji ya nguvu au uwaponde kwa vidole. Usipulize dawa yoyote, hata ya sabuni, maana kila tone linaishia kwa samaki.

## Ratiba ya kuanzia

- Wiki 1 na 2: pima joto kwa pipa, mwone afisa uvuvi.
- Wiki 3 na 4: jenga, kinga tanki, jaza maji, tafuta panapovuja.
- Wiki 5 hadi 13: amsha bakteria, panda miche michache ya majaribio.
- Wiki 14: tia vifaranga 20. Amonia ikitulia wiki mbili, ongeza 20.
- Mwezi wa 5 na kuendelea: vuna majani, panua kitanda, pima maji kila wiki na joto kila siku.

Mwisho wa mwaka wa kwanza usitarajie kuuza samaki. Tarajia mboga za jikoni kila wiki, za kutosha hata kumgawia jirani, na samaki wachache waliofika ukubwa wa sahani. Chakula cha samaki ndicho kitakachokula fedha yako zaidi, na ni mboga zitakazoirudisha. Ukifika hapo bila kupoteza samaki wengi katika Julai yako ya kwanza, unaweza kuongeza tanki la pili la samaki, au kumjaribu trauti. Kama Julai imekushinda, usiongeze kitu: rudi kwenye daftari la joto, tafuta usiku ule maji yaliposhuka zaidi, na uanze kuziba kwenye mfuniko.